Kuwapima Wachezaji Kabla ya Kuwateua: Funzo Kutoka Arsenal ya 2023/24

Katika muhula wa pili wa mwaka 2024 nilichota maji kwa ajili ya wanafunzi saba. Kila Jumamosi asubuhi nilishuka kilima cha Kibuli na majerikani mawili, nikapanda, nikashuka tena, mpaka kila mmoja wao amepata lake. Si mwalimu aliyeniadhibu. Nilikuwa nimeshindwa mchezo, na dau la mchezo huo lilikuwa maji.

Mchezo wenyewe ni ule ambao vijana wa Kampala huuita fantasi. Wengi wenu mnaujua, lakini si wote, na zaidi ya hayo wengi wanaoucheza hawajui kuupima. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika sehemu hii ya Kiswahili. Nami nimekulia karibu na Chuo cha Polisi hapa Kibuli, mahali ambapo Kiswahili husikika kila siku, kwa hiyo mtanisamehe kama lugha yangu ina harufu ya gwaride.

Kwanza nieleze namna mchezo unavyochezwa. Kila mtu huunda timu yake ya kufikirika kwa majina ya wachezaji wa kweli wa Ligi Kuu ya Uingereza. Mchezaji akifanya vizuri uwanjani siku ya Jumamosi, wewe uliye na jina lake unapata pointi. Kuna namna mbili za kuwapata wachezaji. Namna ya kwanza, inayojulikana zaidi, ni kununua: kila mtu hupewa fedha za kufikirika zilizo sawa, na wawili wanaweza kumnunua mchezaji yule yule. Namna ya pili ni kuteua kwa zamu, na hii ndiyo ninayoizungumzia. Hapa hakuna bei. Watu hukaa pamoja, mmoja anataja jina, na jina likishatajwa limekwenda. Hakuna mwingine awezaye kulichukua. Kila mtu huteua wachezaji 15: magolikipa 2, mabeki 5, wachezaji wa kati 5 na mafowadi 3. Zamu huenda kama mtu apaliliaye matuta: akifika mwisho wa tuta hageuki kurudi mwanzo, bali huanza tuta la pili pale pale alipo. Hivyo aliyeteua wa mwisho katika duru ya kwanza huwa wa kwanza katika duru ya pili.

Sisi tulikuwa wanane, wote wa kidato cha tatu wakati huo. Tuliteua Alhamisi usiku, tarehe 10 Agosti 2023, siku moja kabla ya ligi kuanza. Simu haziruhusiwi katika shule yetu, basi kila kitu kiliandikwa katika daftari la hesabu lenye mistari ya miraba. Mwenzetu mmoja alilishika daftari hilo, nasi tukamwita Karani, jina ambalo hajaliacha mpaka leo. Matokeo tuliyapata katika gazeti la Jumatatu maktabani, na wakati wa likizo kila mtu alitafuta kwa njia yake.

Sasa pointi. Mchezaji akicheza dakika 60 au zaidi hupata 2; akicheza pungufu ya hapo hupata 1. Bao la beki ni pointi 6, la mchezaji wa kati 5, la fowadi 4. Pasi iliyozaa bao ni 3. Timu isipofungwa, golikipa na kila beki aliyecheza dakika 60 hupewa 4, na mchezaji wa kati hupewa 1. Golikipa akiokoa penalti ni 5. Kwa kila mabao mawili yaliyoingia, golikipa na mabeki hukatwa 1. Kadi ya njano inakata 1 na nyekundu inakata 3. Ziko pia pointi za ziada kwa wale waliong'ara katika mechi. Hizo ndizo kanuni kuu za msimu wa 2023/24. Kuanzia msimu wa 2025/26 imeongezwa nyingine: beki aliyefanya kazi 10 za ulinzi katika mechi moja, kama kunyang'anya mpira au kuuondosha golini, hupewa 2 zaidi.

Mtaona mara moja kwamba pointi hizi hazipimi kile tunachokipima kwa macho. Chukueni mfano wa nyumbani. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 kule Misri, timu yetu ya taifa ilifungua kwa kuishinda Kongo 2–0, tarehe 22 Juni. Golikipa wetu Denis Onyango hakufungwa. Kwa kanuni hizi angepata 2 za kucheza na 4 za kutofungwa, jumla 6. Tarehe 5 Julai tulicheza na Senegal, tukafungwa 1–0 na Sadio Mané, tukatolewa. Lakini katika mechi hiyo hiyo Onyango aliokoa penalti ya Mané. Tukihesabu mambo hayo tu, angepata 2 na 5, jumla 7. Siku Uganda nzima iliposhangilia alikuwa na pointi 6, na siku tulipolia alikuwa na 7! Mtu asiyeweza kulivumilia jambo hili asicheze fantasi.

Nimeichagua Arsenal kuwa timu ya kujifunzia kwa sababu mbili. Msimu wao wa 2023/24 umekwisha, hesabu zake zimefungwa, na hakuna mechi iliyobaki ya kuzibadili. Sababu ya pili ni kwamba mimi ni mpenzi wa Arsenal, na upenzi huo ndio ulionipeleka kisimani. Si mimi peke yangu katika nchi hii. Januari 2023 wapenzi wa Arsenal wa Jinja waliandamana na kikombe mitaani kwa kuishinda Manchester United 3–2, na polisi wakawakamata kwa kuandamana bila kibali. Kikombe walikileta wenyewe, maana siku ile timu ilikuwa haijashinda kombe lolote. Hivyo ndivyo tulivyo.

Msimu huo wa 2023/24 Arsenal ilishinda mechi 28, ikatoka sare 5 na kushindwa 5. Ilifunga mabao 91 na kufungwa 29, ikapata pointi 89, na bado ikawa ya pili, maana Manchester City walipata 91. Timu ya namna hii inamfurahisha mteuzi, kwa kuwa mabao yapo mengi na ulinzi ni imara. Lakini wachezaji wake si sawa, na hapo ndipo kazi ilipo.

Swali la kwanza la kuuliza juu ya mchezaji yeyote si kama ni hodari. Uliza kama atakuwa uwanjani. William Saliba, beki wa kati, alicheza mechi zote 38 na hakutoka hata dakika moja. Hesabuni nami: mechi 38 mara 2 ni 76. Arsenal ilimaliza mechi 18 bila kufungwa. 18 mara 4 ni 72. Alifunga mabao 2, ndizo 12. Jumla 160. Mechi ambazo timu ilifungwa mabao mawili au matatu zilikuwa 8, kwa hiyo toa 8, zinabaki 152, kabla ya kuhesabu kadi, pasi na pointi za ziada. Huyu ni mtu ambaye gazeti la Jumatatu huenda lisimtaje kabisa.

Mwangalieni sasa Jurriën Timber. Alinunuliwa kutoka Ajax mwaka ule ule wa 2023, kijana hodari sana, na mimi nilimteua katika duru ya tatu, wa 19 kwa jumla. Nilipotaja jina lake wenzangu waliguna kwa wivu. Tarehe 12 Agosti, katika mechi ya kwanza kabisa dhidi ya Nottingham Forest, aliumia goti, na mapema katika kipindi cha pili akatoka. Alirudi katika ligi siku ya mwisho ya msimu, tarehe 19 Mei 2024. Hilo silihesabu kuwa kosa langu. Goti halitoi taarifa.

Kosa langu lilikuwa Gabriel Jesus. Huyu nilimteua katika duru ya pili, wa 14. Habari za goti lake kufanyiwa upasuaji zilikuwa zimekwisha tangazwa kabla ya tarehe 10 Agosti, nami nilizisoma. Nilimteua hivyo hivyo kwa sababu nampenda anavyohangaika uwanjani, akinyang'anya, akianguka, akiinuka. Msimu mzima alifunga mabao 4 ya ligi. Karani aliponiuliza usiku ule, “Bwana, una hakika?” nilimjibu kwa ukali kwamba aandike tu.

Jambo la pili la kuuliza ni hili: mchezaji ameandikwa katika nafasi gani? Si nafasi anayocheza, bali aliyoandikwa na waendeshaji wa mchezo. Kai Havertz alinunuliwa kutoka Chelsea mwaka 2023, na msimu ule aliandikwa kuwa mchezaji wa kati. Lakini baadaye katika msimu Arsenal ilimtumia mbele kabisa, kama fowadi. Alifunga mabao 13 ya ligi. Bao la mchezaji wa kati ni 5, hivyo alipata 65 kwa mabao peke yake. Angeandikwa fowadi angepata 52. Tofauti ni pointi 13, nazo zimetokana na kalamu ya karani tu, wala si mguu wake. Msimu uliofuata walimhamisha, wakamwandika fowadi. Kwa hiyo usimteue mtu kwa pointi za mwaka jana kabla hujatazama ameandikwaje mwaka huu.

Habari ya Havertz inaniuma kwa sababu nyingine pia. Mimi ndiye niliyekuwa naye! Nilimteua Agosti. Mpaka mwisho wa Oktoba alikuwa amefunga bao moja tu la ligi, penalti dhidi ya Bournemouth, ambayo wenzake walimwachia aipige kwa kumhurumia. Watu walimcheka kila mahali, na bweni letu halikubaki nyuma. Kisha tarehe 28 Oktoba Eddie Nketiah akafunga mabao matatu katika mechi moja, Arsenal ikiifunga Sheffield United 5–0. Gazeti lilipofika Jumatatu sikungoja hata chakula cha mchana. Nilimwambia Karani amfute Havertz na kumwandika Nketiah, maana kanuni ya daftari letu iliruhusu mtu kumwacha mchezaji yeyote na kumchukua asiye na mwenyewe.

Nketiah alikuwa amefikisha mabao 5 siku ile. Alimaliza msimu na mabao 5 yale yale. Havertz, baada ya mimi kumwacha, alifunga 12. Mabao 3 yalikuja kabla ya Krismasi, na 9 kati ya tarehe 17 Februari na 19 Mei, yakiwemo mawili katika ile 5–0 dhidi ya Chelsea. Aliyemwokota ni mpenzi wa Manchester United, mtu ambaye hawezi kuitazama jezi nyekundu na nyeupe bila kukunja uso. Yeye alimchukua kwa sababu mbili alizoniambia baadaye: kocha alikuwa akiendelea kumchezesha kila wiki ingawa hafungi, na Nketiah alikuwa akicheza kwa kuwa Jesus ameumia. Jesus akipona, Nketiah atakwenda wapi? Sababu zote mbili zilikuwa wazi mbele ya macho yangu pia, lakini mimi niliona mabao matatu tu.

Hapa niseme neno juu ya mabao ya siku moja. Mabao matatu katika mechi moja ni furaha kubwa, lakini hayana habari nyingi ndani yake. Yanakuambia nini kilitokea siku ile dhidi ya timu ile. Sheffield United walishuka daraja msimu huo. Dakika za kucheza zina habari zaidi, maana ni maoni ya kocha, naye kocha huwaona wachezaji mazoezini kila siku, jambo ambalo mimi na wewe hatulioni.

Wapigaji wa mipira iliyosimama nao watazamwe. Bukayo Saka ndiye niliyemteua wa kwanza, baada ya Erling Haaland na Mohamed Salah kuchukuliwa, na hilo ndilo jambo moja nililofanya vema usiku ule. Alifunga 16, akatoa pasi 9 za mabao. Mabao ni 80, pasi ni 27, jumla 107, na hapo bado hatujahesabu kucheza kwake mechi 35. Sehemu ya siri ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa mpigaji wa kwanza wa penalti, na pia alipiga kona. Mtu wa namna hii anaweza kucheza vibaya dakika 85 na bado akakuletea pointi. Tazameni wenzake wa katikati kwa hesabu hiyo hiyo ya mabao na pasi: Havertz, aliyetoa pasi 7, ana 86. Martin Ødegaard, mabao 8 na pasi 10, ana 70. Leandro Trossard, mabao 12 na pasi 1, ana 63. Declan Rice, mabao 7 na pasi 8, ana 59. (Nimetumia pasi za hesabu ya ligi, fantasi huhesabu kwa ukarimu zaidi, hivyo pointi zao za kweli zilikuwa juu ya hizo.)

Msomaji anaweza kudhani basi Trossard ni bora kuliko Rice. Sivyo. Rice alicheza mechi zote 38, na Trossard mara nyingi aliingia kutoka benchi. Katika mchezo wa kuteua kwa zamu, mtu wa benchi anakutesa, maana hujui Jumamosi umpange au umweke pembeni. Ukimpanga haingii, ukimwacha anafunga. Mimi ningemchukua Rice mbele ya Trossard kila mara, na kama mpenzi wa Trossard amekasirika aniandikie.

Kwa mabeki nitasema kifupi. Ben White alifunga 4 na kutoa pasi 4, maana alipanda sana upande wa kulia. Gabriel Magalhães naye alifunga 4, huyu ni mtu wa kona. Gabriel hakuanza mechi tatu za mwanzo, na mmoja wetu alimwacha kwa hofu. Aliyemchukua hakumrudisha tena.

Sasa nafika penye kiini cha somo, nalo nililielewa njiani nikiwa na majerikani. Katika kuteua kwa zamu, thamani ya mchezaji si pointi zake. Thamani yake ni tofauti kati ya pointi zake na za yule utakayemkuta zamu yako itakaporudi.

Mfano wa magolikipa unalionyesha vizuri. David Raya wa Arsenal alipata tuzo ya golikipa aliyemaliza mechi nyingi bila kufungwa, mechi 16. Jordan Pickford alimfuata kwa mechi 13, naye alikuwa Everton, timu iliyomaliza ya 15. Nani asingemtaka Raya? Lakini Raya alicheza mechi 32 za ligi, kwa sababu Aaron Ramsdale ndiye aliyeanza msimu golini, na Pickford alicheza zote 38. Piga hesabu. Raya: 32 mara 2 ni 64, na 16 mara 4 ni 64, jumla 128. Pickford: 38 mara 2 ni 76, na 13 mara 4 ni 52, jumla 128. Sawasawa kabisa! Nilipoipata hesabu hii nilimwita Karani airudie, nikidhani nimekosea. Kisha ongezeni kwamba golikipa hupewa pointi 1 kwa kila mipira mitatu anayookoa, na golikipa wa timu dhaifu hupigiwa mashuti mengi zaidi.

Kwa hiyo yule kati yetu aliyemteua golikipa katika duru ya nne alipoteza zamu nzuri. Tulikuwa wanane, kila mtu magolikipa 2, jumla 16, na ligi ina timu 20. Hata wa mwisho kuteua angempata golikipa anayecheza kila wiki. Mafowadi si hivyo. Wanane mara 3 ni 24, na timu nyingi siku hizi huchezesha fowadi mmoja tu. Ina maana kwamba mafowadi wa kweli huisha kabla ya duru kwisha, na atakayechelewa ataokota watu wa benchi. Haaland alifunga 27 msimu ule. Aliyekuwa naye angeweza kukosea mara tano na asichote maji.

Mimi nilikuwa wa tatu katika zamu. Wa tatu kati ya wanane huteua wa 3, kisha wa 14, kisha wa 19. Kati ya 3 na 14 yanakwenda majina kumi. Kabla ya kutaja jina la kwanza ningepaswa kukaa na kuandika: je, katika majina kumi yatakayokwenda, nafasi ipi itakauka? Mimi sikuandika kitu. Nilikuwa na picha ya timu yangu moyoni na nilitaka tu kuiona kwenye karatasi. Na nisijitie lawama zote: yapo mambo ambayo hakuna hesabu ingeyaona. Cole Palmer, aliyefunga mabao 22 msimu ule, hakuteuliwa na yeyote kati yetu wanane. Tulipoketi tarehe 10 Agosti alikuwa bado kijana wa Manchester City asiye na nafasi. Alihamia Chelsea Septemba.

Jambo jingine ni wakati. Watu husema “ulinzi wa Arsenal ulikuwa chuma”, kana kwamba ulikuwa chuma mwaka mzima. Katika mechi 20 za kwanza, mpaka tarehe 31 Desemba waliposhindwa na Fulham 2–1, walimaliza 7 tu bila kufungwa. Katika mechi 18 zilizobaki walimaliza 11, wakashinda 16. Aliyewaacha mabeki wa Arsenal wakati wa Krismasi kwa kukata tamaa, na alikuwepo mmoja, aliwauza ng'ombe wake siku moja kabla ya kuzaa.

Nimesema juu ya dau, na sina budi kulieleza, maana mlezi wetu wa bweni aliponikuta na majerikani aliniuliza ninafanya kazi ya nani. Nilimweleza. Akauliza, “Basi hii si kamari?” Nilimjibu kwamba hakuna senti iliyowekwa. Akauliza tena, “Na maji je, si dau?” Sikuwa na jibu.

Swali lake halikuwa la mzaha. Muhula ule ule mwanafunzi mmoja wa darasa letu alirudi kutoka likizo bila ada. Baba yake alimpa mkononi, naye akaipitisha kwenye duka la kubashiri lililoko njiani, akitumaini kuizidisha mara tatu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, lakini hakuna aliyemwuliza umri. Aliweka yote juu ya mechi nne kwa pamoja, tatu zikaenda alivyotaka. Alirudishwa nyumbani, na mpaka leo hajarudi. Alikuwa akiujua mpira kuliko sisi wanane. Nimelifikiri jambo hili sana. Katika daftari letu nilikosea mara nne, tano, na kila kosa nililiona kwa miezi, nikajua limetoka wapi. Yeye alikosea mara moja, siku moja, na hakupewa wiki ya pili.

Tulifanya shauri usiku ule ule. Dau la maji likafutwa, na Jumamosi iliyofuata kila mtu alijichotea mwenyewe. Daftari tulibaki nalo. Msimu uliofuata nilimaliza wa pili, nikiwa na mchezaji mmoja tu wa Arsenal, na nikiri kwamba sikuufurahia sana.

Kwa wale wanaotaka kujaribu, zoezi ni hili. Uko wa tano kati ya wateuzi wanane. Taja kwanza ni zamu za ngapi utakazopata katika duru tatu za mwanzo. Kisha, katika zamu yako ya tatu, majina matatu ya Arsenal ya 2023/24 yamebaki: Raya, Rice na Trossard. Bado huna golikipa, unaye mchezaji mmoja wa kati na fowadi mmoja. Andika utamteua nani, na uonyeshe hesabu, si jina tu. Majibu apelekewe Karani, bweni letu, kabla ya kengele ya taa siku ya Ijumaa.